Kilio cha Sungura



Juma hili nilikusudia kuwaandikia habari ya vyeti vya ubatizo, maana wengi hufika ofisini kuvitaka hali hawakumbuki hata mwaka waliobatizwa. Habari hiyo itangoja. Liko jambo jingine lililokaa moyoni mwangu kwa muda, nami nimekuwa nikiona haya kuliandika, kwa kuwa ni habari ya sungura aliyekufa. Najua wako watakaocheka. Chekeni, si vibaya; lakini someni mpaka mwisho, hasa ninyi akina baba.

Msidhani kwamba sijui tofauti ya kifo cha mtu na kifo cha mnyama. Mimi ni karani wa parokia. Daftari la marehemu wa parokia yetu, huku Rungwe katika Jimbo Kuu la Mbeya, huandikwa kwa mkono wangu: jina, umri, siku ya kufa, siku ya kuzikwa, na padre aliyezika. Nimeandika majina ya wazee walioshiba siku, nimeandika na ya watoto wachanga. Basi mtu wa kazi kama hiyo akija kuwasimulia msiba wa sungura, fahamuni kwamba anayo sababu.

Kwetu hasa ni Kilolo, mkoani Iringa. Baba yangu mzazi, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa akifuga sungura huko. Hakuwa na wengi. Alikuwa na banda moja la mbao lenye vyumba sita, limeinuliwa juu ya miguu minne, na kila mguu umesimama ndani ya kopo la oili chafu ili siafu wasipande. Siafu wakiingia banda la sungura usiku, asubuhi huokoti kitu. Mzee alilijua hilo kwa hasara, kwa hiyo makopo yale aliyakagua kila jioni kabla ya Rozari.

Alipenda kuwaambia wajukuu kwamba sungura wake si yule wa hadithi. Yule mjanja anayemshinda fisi na simba ni sungura wa porini, nduguye wa mbali tu. Sungura wa porini huzaliwa ana manyoya na macho yamefunguka, naye hukimbia karibu mara moja. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania; huzaliwa uchi na kipofu, na macho yake hufunguka baada ya siku kumi hivi. Mama yake hujinyonyoa manyoya ya tumbo ili awatengenezee watoto kiota. Mzee alikuwa akifungua kiota taratibu, wajukuu wachungulie, kisha akifunika. "Huyu hana ujanja wo wote," alikuwa akisema. "Huyu anategemea mtu."

Krismasi ya mwaka 2022 tulikwenda nyumbani, mimi na mke wangu na watoto. Binti yetu wa pili alikuwa na miaka 5. Siku ya kuondoka, babu yake akamkabidhi sungura mmoja mweupe, jike, ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Mtoto akamwita Pamba palepale. Tulisafiri na boksi lile njia nzima: Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, mpaka Uyole tulipobadili gari kushuka Tukuyu. Kondakta alipouliza ndani ya boksi kuna nini, mtoto akajibu, "Mgeni wetu." Watu wakacheka, na kondakta hakudai nauli.

Pamba akawa mtu wa nyumbani, kama naweza kusema hivyo. Mchana alikuwa bandani, jioni alifunguliwa, akamfuata mtoto jikoni hatua kwa hatua. Mbwa wa jirani akibweka, Pamba alipiga chini kwa mguu wake wa nyuma, tu! tu! nasi tukajua kuna mgeni. Mtoto alimchumia mchunga na matembele kila siku kabla ya kwenda kucheza. Mke wangu, ambaye mwanzo alikuwa akitazama sungura yule kwa jicho la sufuria, mwisho akawa anamwekea maganda ya karoti pembeni.

Kwaresima ya mwaka 2023 nikapigiwa simu usiku. Baba yangu ameanguka, na kabla hawajafika hospitali amekufa. Nauli ya kutupeleka sote haikuwapo. Mimi na mke wangu tukaondoka alfajiri na mtoto mchanga mgongoni, wakubwa tukawaacha kwa jirani. Binti alipoamka na kuniona nafunga mfuko akauliza twaenda wapi. Nikamjibu, "Babu amesafiri, twaenda kumsindikiza." Nilidhani nimesema neno jema. Hata katika matangazo ya misiba husema marehemu ameianza safari yake.

Huko Kilolo nilipewa daftari la rambirambi, maana mimi ndiye karani. Siku tatu niliandika majina na fedha, mahindi debe ngapi, maharagwe debe ngapi. Sikulia. Nilisema moyoni kwamba nitalia baadaye, kazi ikiisha. Kazi ikaisha, nikarudi Rungwe, nikakuta barua za ofisini zimejaa mezani.

Baada ya hapo mtoto alisema mara mbili tatu, "Babu akirudi atamkuta Pamba amenenepa." Tulitabasamu tukaliacha neno lipite. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulisoma habari za makuzi ya mtoto, na tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hajui bado kuwa kifo hakina marejeo. Aghalabu hulifahamu hilo kati ya miaka 5 na 7. Nililijibu swali hilo katika mtihani nikapata alama nzuri. Nyumbani kwangu sikulikumbuka.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa majuma machache baada ya Pasaka ya mwaka 2024. Mvua za huku kwetu mwazijua; majani yote yalikuwa yameloa siku nzima. Nilikuwa nimesikia kwamba majani yaliyoloa huwaharibu sungura matumbo, basi nikataka kuwa mwangalifu. Siku hiyo nilikuwa nimekata matawi ya mparachichi yaliyofunika paa la jiko, nikayaweka barazani yasinyeshewe. Nikaona haya ni makavu, mabichi, tena mazuri. Nikampa Pamba mkono mzima. Mtoto alikuwa shuleni.

Siku ya pili jioni Pamba hakula. Alijikunja kwenye kona, akahema kwa shida, ubavu ukipanda na kushuka. Tukasema ni baridi, tukamwekea gunia. Saa 11 alfajiri nilipokwenda kumtazama alikuwa amekwisha kufa, amenyooka, bado ana joto kidogo tumboni.

Nilisimama pale na taa mkononi. Mtoto alikuwa amelala. Nikafikiri, nani atayaweza machozi yale asubuhi na siku ya shule? Basi nikafanya kama wafanyavyo wengi wetu. Nilimtia sungura katika mfuko wa mbolea, nikachimba shimo fupi nyuma ya migomba, nikafukia, nikauacha mlango wa banda wazi. Mtoto alipoamka nikamwambia, "Pamba ametoroka usiku."

Hakulia. Nikajisifu moyoni kwamba nimepata dawa. Lakini aliporudi kutoka shule hakuvua hata sare, alichukua fungu la matembele akaingia migombani akiita, "Pamba! Pamba!" Mvua ikamnyeshea. Kesho yake vivyo hivyo, akafika mpaka shamba la chai la jirani, giza likaingia tukamtafuta kwa tochi. Mara mbili alipita juu ya mahali pale nilipofukia. Mimi nilikuwa barazani nimeketi, namwona.

Siku ya tatu akashikwa na kikohozi na homa. Usiku alimwomba mama yake asifunge mlango wa jiko, ati Pamba akirudi asikose pa kuingia. Mke wangu alimfunika, akatoka nje nilipokuwa, akasema kwa sauti ya chini, "Baba watoto, huyu haumwi mvua. Anaumwa neno lako."

Wasomaji, mimi nimesimama mbele ya watu wengi, hata mbele ya Baba Askofu nikasoma taarifa ya parokia. Sikupata kuogopa kusema maneno kama nilivyoogopa asubuhi ile kukaa kitandani kwa mtoto wa miaka 6. Nilimwambia, "Pamba hakutoroka. Pamba amekufa. Nilimzika, nikakuficha. Nilikosa."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Hatarudi?"

"Hatarudi."

"Na babu?"

Sikutazamia swali lile. Nikamwambia kwamba babu naye amekufa, kwamba hakusafiri kama watu wanavyosafiri na mabasi, kwamba mwili wake tumeuzika Kilolo na sisi twamwombea kwa Mungu, naye hatarudi kukaa barazani. Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio kile cha mtu mzima, cha kushika tumbo, na katikati ya kilio alikuwa akitaja majina mawili, la sungura na la babu, bila kuyatenga. Nami, ambaye mwaka mzima sikutoa chozi, nilijikuta nalia naye. Mke wangu akaingia na mwiko mkononi, akatukuta, akaufunga mlango asije mtu.

Jioni mtoto aliniomba amwone Pamba. Nilimkatalia hilo, kwa kuwa siku zilikuwa zimepita. Nikamweleza kwa nini, naye akaelewa. Lakini shimo langu lilikuwa fupi, la aibu, la mtu anayeficha. Tukachimba jingine chini ya mti wa kahawa, la kunifika kiunoni, ili mbwa wasifukue, tukauhamisha mfuko kama ulivyo, tukanawa mikono kwa sabuni. Mtoto akaweka juu matembele na jiwe jeupe. Akataka nisome sala ya maziko. Nikamwambia sala za maziko ya Kanisa ni kwa ajili ya watu, lakini kumshukuru Mungu kwa kiumbe chake hakuna aliyetukataza. Tukasali Baba Yetu, basi.

Habari za kijiji hazihitaji redio. Kesho yake dukani nikaulizwa matanga yanakwisha lini. Mzee mmoja wa parokia, mtu ninayemheshimu, akaniambia mbele za watu, "Karani, mngemchinja mapema mngepata kitoweo, sasa mmepata msiba." Mwingine akasema kwamba hata baada ya kufa angefaa kuliwa, ati hakukaa sana. Huyo wa pili nilimjibu palepale: kibudu hakiliwi, tena aliyekufa kwa sababu usiyoijua aweza kukuua na wewe. Huyo wa kwanza sikumjibu, kwa maana sungura ni kitoweo kweli, hata baba yangu aliwachinja na kuwala, na mimi ninawala. Hakuna dhambi. Lakini aliyepewa jina akafuata mtoto jikoni ni jambo jingine, na kila mfugaji, hata wa ng'ombe, anamjua yule mmoja asiyeweza kumpeleka mnadani.

Niliyemwogopa hasa ni mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Huyo nilikuwa nimeandika jina la mtoto wake katika daftari langu. Nilisema, akisikia kwamba kwangu kuna kilio cha sungura, ataona tunamdhihaki. Akaja kweli, jioni, na mwavuli. Hakuniuliza lo lote. Aliketi na binti yangu kwenye kigogo chini ya kahawa, nami nilikuwa karibu napasua kuni, nikamsikia anamwambia, "Walikwambia unyamaze? Mimi waliniambia ninyamaze. Usinyamaze upesi." Akakaa naye mpaka giza. Alipoondoka alinipa mkono tu. Tangu siku ile dhihaka za dukani hazikunichoma tena.

Na wale wanaodhani kwamba kumpenda mnyama ni mambo ya wageni, hayapo katika dini yetu, na wafungue Maandiko. Nathani nabii alipotaka kuugusa moyo wa mfalme Daudi, hakumsimulia habari ya dhahabu. Alimsimulia maskini aliyekuwa na kondoo mmoja mdogo, amemlea pamoja na watoto wake, anashiriki chakula chake na kulala kifuani pake, kisha tajiri akamchukua akamchinjia mgeni. Daudi alighadhibika kabla hajajua kwamba ni yeye anayesemwa. Tazameni katika Samweli wa Pili, sura ya 12. Katika kitabu cha Tobiti, kijana anapoondoka kwenda safari yake na malaika, mbwa anawafuata, na wakati wa kurudi mbwa yupo. Hana kazi yo yote katika habari ile. Yupo tu, naye ametajwa.

Tena Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 4 Oktoba. Ndugu Thomas wa Celano, aliyeandika maisha yake muda mfupi baada ya kifo chake mwaka 1226, anasimulia jambo lililotokea Greccio, kijiji kile kile ambako Fransisko alitengeneza pango la Noeli mwaka 1223. Ndugu mmoja alileta mtoto wa sungura aliyenaswa mtegoni, yu hai bado. Fransisko akamwita kama mtu amwitavyo mdogo wake, akamwuliza kwa nini amekubali kudanganywa na mtego. Sungura akamkimbilia kifuani. Alipowekwa chini aende zake, alirudi, akawekwa tena, akarudi tena, mpaka ndugu wakalazimika kumpeleka msituni. Nilimsimulia binti habari hii, akaniuliza sungura yule alikuwa na rangi gani. Nikasema Ndugu Thomas hakuandika.

Lakini nisiseme upande mmoja tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2416 mpaka 2418, yafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na twawajibika kuwatendea wema, kwamba kuwatesa bure ni kinyume cha heshima ya mwanadamu, na kwamba twaweza kuwapenda. Ila tusiwape pendo linalowastahili watu, wala tusiwatumilie fedha ambazo zingepunguza shida za watu. Hilo nalo ni kweli, nami nalikubali. Nilipomwuliza Baba Paroko, ofisini, kama tumefanya upuuzi, aliniuliza nami, "Je, kuna mtu aliyekosa machozi yenu kwa sababu ya sungura huyo?" Nikafikiri, nikaona kinyume chake: yuko mmoja aliyeyapata kwa kuchelewa mwaka mzima.

Binti aliuliza pia kama Pamba yuko mbinguni. Hilo nilimpelekea Baba Paroko, sikutaka kujibu kwa akili yangu. Alisema mnyama hana roho isiyokufa kama ya mtu, ndivyo walimu wa Kanisa tangu Mtakatifu Thomas wa Akwino walivyofundisha. Lakini akasema tena kwamba Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, anatazamia siku ambayo kila kiumbe, kimegeuzwa na kung'ara, kitakuwa na nafasi yake. Na Bwana mwenyewe alisema hata shomoro haanguki Baba asijue. "Mwambie mtoto," akasema, "Mungu hakumsahau Pamba. Mengine atuachie sisi wazee tuhangaike nayo." Nikamwambia hivyo. Akaridhika kuliko mimi.

Bado kulikuwa na jambo moja. Mwisho wa juma ule bwana mifugo alipita kuwachoma sindano ng'ombe wa jirani, nikamsimulia dalili za Pamba. Akauliza amekula nini. Nilipotaja majani ya mparachichi akatikisa kichwa.

Sikilizeni vizuri hapa, maana siku hizi Rungwe, Njombe, Mufindi, kote ni miparachichi. Majani yake, magome yake, na kokwa lake yana sumu iitwayo persini. Sisi hula nyama ya tunda bila dhara, lakini sungura akila majani moyo wake huharibika, hukosa pumzi, na aweza kufa kwa siku moja au mbili. Kuku na ndege wengine hudhurika pia. Mbuzi anayenyonyesha akiyala kiwele huvimba na maziwa hukatika, nawe utadhani amerogwa. Mkikata matawi ya mparachichi, yapelekeni mbali na mifugo. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya msiwape sungura pia, wala viazi vilivyogeuka kijani. Majani yaliyoloa yaanikeni kivulini yanyauke kwanza, na chakula kipya kianze kidogo kidogo. Sungura hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia. Tena huficha ugonjwa, kwa kuwa porini mnyama anayeonekana mgonjwa ndiye anayekamatwa, basi ukimwona hali nusu siku, au mavi yake yamekoma, au anasaga meno kwa kujikunja, usingoje asubuhi kama mimi nilivyongoja. Ukimwona usiku anakula mavi yake laini usimpige, ndivyo alivyoumbwa, hupata nguvu humo. Na watoto wafundishwe kumbeba kwa kumshika kifua na matako pamoja. Akibebwa vibaya akirusha mateke aweza kujivunja mgongo.

Haya yote nalikuwa siyajui, mimi mtoto wa mfugaji wa sungura. Kwetu Kilolo hatukuwa na miparachichi uani.

Basi ikanipasa kurudi kwa mtoto mara ya pili. Nilichelewa siku kadhaa. Jumamosi, tukitoka kufagia kanisa, nikamwambia kwamba majani niliyompa Pamba ndiyo yaliyomwua.

"Hukujua, baba?"

"Sikujua."

Akaniacha mkono. Alinyamaza njia nzima, na kwa muda wa juma moja alinisalimu kwa sababu ya adabu tu. Sikumlazimisha. Mke wangu alitaka kumkemea, nikamzuia, maana tangu mwanzo tulikuwa tumemharakisha mno. Siku moja akaja ofisini baada ya shule, ameshika jani la mti nisioujua, akaniuliza kama hili mbuzi wa jirani anaweza kula. Nikasema sijui, tutamwuliza bwana mifugo. Akakaa kwenye benchi la wageni akaningoja mpaka nilipofunga ofisi, tukarudi nyumbani pamoja. Mpaka leo huuliza kila jani.

Wazazi wenzangu, nawasihi katika hili moja. Mtoto akifiwa, awe amefiwa na mtu au na kifaranga, msimwambie amesafiri, wala amelala. Aliyesafiri hungojewa. Na aliyeambiwa kwamba bibi amelala hakufa, huogopa kulala usiku. Hilo nimelisikia kwa katekista wetu, lilitokea nyumbani kwake. Tumieni neno lenyewe, lifupi, na mkae naye karibu mnapolisema. Kama yafaa, mchukueni mazikoni, mtu mzima mmoja awe wake, amshike mkono na kumjibu maswali. Sisi huwa twawafukuza watoto msibani wakacheze, kisha twashangaa kwa nini mtoto amekuwa mkaidi au anakojoa kitandani. Wala msimletee mnyama mwingine siku ya pili kana kwamba mmenunua sahani badala ya iliyovunjika.

Desemba 2024 tulipata nauli, tukaenda Kilolo sote. Mama yangu alitupokea kwa "kamwene" nyingi na machozi kidogo. Binti akaomba kwanza apelekwe kaburini. Alisimama pale na bibi yake, mimi nikakaa nyuma. Alimweleza babu yake habari ya Pamba yote, tangu boksi la sabuni, pamoja na majani ya mparachichi, hakunificha, bibi akaitikia kila sehemu, "Ee, ee."

Kisha bibi akampeleka bandani. Makopo ya oili yalikuwa pale pale, safi. Katika chumba cha mwisho mlikuwa na sungura mwenye watoto watano, macho yao yamefunguka karibuni. Bibi akafungua mlango, akamwambia achague mmoja wa kurudi naye Rungwe.

Mtoto alichungulia muda mrefu, mikono nyuma.

"Bado, bibi," akasema.

"Haya," akasema bibi, akaurudisha mlango.